Jina Chini ya Picha: Wafinyanzi Wetu katika Magazeti ya Kanda

Kwa muda mrefu magazeti na majarida yanayosomwa katika nchi zetu za Maziwa Makuu yamekuwa na desturi ya kuchapisha makala juu ya wafinyanzi. Aghalabu makala hayo hutokea wakati wa maonyesho au tamasha la utamaduni, nayo huambatana na picha ya mama aliyeinama juu ya chungu kibichi. Sisi walimu wa Kiswahili tunayapenda, na sababu yake si ngumu kuiona. Ni mafupi, lugha yake ni nyepesi, tena yanahusu chombo ambacho mwanafunzi wa bara amekiona jikoni kwa bibi yake. Wengi wetu tumeyakata kwa mkasi, tukayahifadhi katika majalada, tukayafanya vifungu vya ufahamu.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maandishi hayo kama tunavyohakiki hadithi au tamthilia. Tutauliza yanaona nini, yanaacha nini, na kwa nini. Hatutayataja magazeti kwa majina, maana kasoro tutakazozieleza ni za wengi, na kumtaja mmoja ni kumwonea.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulichagua makala moja ya aina hiyo iwe kifungu cha ufahamu katika mtihani wa muhula. Mwandishi alieleza jinsi mfinyanzi anavyouchimba udongo, anavyoukanda na kuupandisha, kisha anavyovianika vyungu juani hadi vikauke ndipo avichome. Swali letu la tatu lilikuwa hili: Mfinyanzi hukausha vyungu vyake wapi? Darasa zima liliandika kwamba huvikausha juani. Msichana mmoja aliandika, kivulini. Tukamkata alama mbili.

Kesho yake alikuja katika chumba cha walimu, akatuamkia kwa adabu, akasema, "Samahani, mwalimu. Mama yangu hufinyanga. Chungu kibichi hakiwekwi juani. Kikiwekwa kinapasuka."

Tulimpa jibu ambalo kila mwalimu wa lugha analijua: katika ufahamu, jibu hutolewa kwa mujibu wa kifungu. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake. Wenzake waliposikia jambo hilo walicheka, na hawakuwa wakilicheka jibu lake. Walikuwa wakicheka kwamba mama yake ni mfinyanzi.

Baadaye tulifika kwao tukajionea. Vyungu vilivyokwisha kufinyangwa vilikaa ndani ya kibanda siku nyingi, mbali na upepo na jua, vikikauka polepole. Chungu kikikauka upesi upande mmoja, upande huo husinyaa kuliko mwingine, nacho hupata ufa. Hata kikionekana kikavu, unyevu ukibaki ndani ya udongo hugeuka mvuke motoni na kukivunja. Basi asubuhi ya siku ya kuchoma vyungu vilitolewa nje, vikapangwa juani kwa saa chache vipate joto kabla ya kutiwa motoni. Hapo tukaelewa. Mwandishi wa yale makala hakusema uongo. Alifika siku ya kuchoma, akaviona vyungu juani, akaandika alichokiona, akaondoka.

Hii ndiyo kasoro tunayotaka kuieleza, nayo ndiyo mzizi wa kasoro nyingine zote tutakazozitaja. Kazi ya ufinyanzi ni kazi ya siku nyingi, na makala ya gazeti ni ushahidi wa siku moja. Mfinyanzi huenda bondeni, huchimba, huubeba udongo, huuloweka, huutoa mawe na mizizi, huukanda, huuacha ulale. Mahali pengi Afrika huuchanganya na mchanga au na magae ya vyungu vilivyovunjika, yaliyopondwa yakawa unga, ili chungu kisipasuke motoni. Ndipo huuviringa kama kamba nene, akapandisha tumbo na shingo, akakwangua, akasugua kwa kijiwe laini, akapamba. Halafu husubiri. Katika mfululizo wote huo mwandishi wetu hufika saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita mchana. Atakachokiona ni hatua moja, naye hataijua kuwa ni moja.

Tuyatazame sasa makala yenyewe yalivyojengwa. Msomaji aliyeyasoma matano atayatambua yote yaliyosalia. Huanza na njia ya vumbi na mikono yenye udongo. Baada ya hapo huja methali, nayo karibu kila mara ni ile ile: mfinyanzi hulia gaeni. Kisha twaambiwa kwamba kazi hii ni urithi wa mababu, kwamba ni kazi ya wanawake, na kwamba imo hatarini kupotea kwa sababu ya sufuria na madumu ya plastiki. Halafu hunukuliwa afisa, kwa kirefu. Mwisho serikali huombwa isaidie, na wafinyanzi huaswa waunde ushirika.

Methali hiyo tunaifundisha sote, na katika vitabu vyetu hufafanuliwa kwamba fundi aghalabu hafaidi kazi ya mikono yake. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini gazetini methali hugeuzwa kuwa kichekesho, kana kwamba kula gaeni ni tabia ya wafinyanzi kama vile kunguru alivyo na tabia zake. Hakuna anayeuliza ni kwa nini. Tukiisoma methali kwa makini tutaona kwamba inazungumzia soko. Mfinyanzi hula gaeni kwa kuwa vyungu vizima vyote hana budi kuviuza, na bei anayopewa haimwachii kimoja cha kwake. Kumbe methali ni shtaka, nasi tumeifanya pambo la kichwa cha habari. Mwandishi anayeitumia na asitaje hata bei ya chungu kimoja, wala gharama ya kuni, wala idadi ya vyungu vinavyopasuka katika kila moto, ameitumia bila kuielewa.

Ama kuhusu kauli kwamba ufinyanzi ni kazi ya wanawake, hiyo ni kweli mahali pengi. Katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanawake wa Kikisi wamesifika kwa vyungu vyao, ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa katika soko la karibu na Matema. Miongoni mwa Wajaluo na Wakamba pia ni kazi ya akina mama. Lakini katika Buganda ya zamani wafinyanzi walikuwa wanaume, na miongoni mwa Batwa wa Rwanda na Burundi wanaume na wanawake hufinyanga. Mwandishi anayesema jambo moja kwa Afrika nzima hawezi kuwa amemtazama mfinyanzi aliye mbele yake.

Tuje kwenye picha. Katika jalada letu picha nyingi zina maelezo mafupi chini yake: mfinyanzi akiwa kazini, au mama wa kijijini akifinyanga chungu. Katika ukurasa ule ule kuna picha ya pili, ya mgeni rasmi akikishika chungu, na chini yake jina lake, cheo chake na wizara yake vimeandikwa kwa ukamilifu. Ni ukurasa mmoja na siku moja, na mpiga picha ni yule yule. Tofauti ni kwamba mmoja aliulizwa jina na mwingine hakuulizwa. Zipo nyakati ambapo mtu mwenyewe hapendi jina lake lichapishwe, na haki hiyo lazima iheshimiwe. Lakini hakuna dalili yoyote kwamba waliulizwa wakakataa.

Wako watakaosema kwamba jina si kitu, kilicho muhimu ni chungu. Kwao twatoa mfano wa Ladi Kwali wa Nigeria. Mama huyu alizaliwa katika kijiji cha Kwali, akajifunza kufinyanga nyumbani kwao akiwa msichana, na vyungu vyake vilikwisha kuwamo katika nyumba ya Emir wa Abuja pale Mwingereza Michael Cardew alipoviona mwaka 1950. Cardew alianzisha chuo cha ufinyanzi cha Abuja, na Ladi Kwali akaingia humo mwaka 1954. Vyungu vyake vilionyeshwa London, naye mwenyewe alisafiri hadi Uingereza na Marekani kuonyesha namna anavyofinyanga kwa mkono bila gurudumu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984, na hata leo sura yake imo nyuma ya noti ya naira 20.

Kwali haikuwa na Ladi peke yake, na kufinyanga alijifunza kwa jamaa yake. Lililomtofautisha ni kwamba jina lake liliandikwa: katika orodha za maonyesho, katika majarida, na chini ya picha. Lakini hata hapo mhakiki hawezi kuridhika kabisa, maana simulizi nyingi juu yake huanza siku Cardew alipofika, kana kwamba miaka yake yote ya kabla ya hapo ilikuwa utangulizi tu. Kwa mujibu wa simulizi hizo mwanafunzi ni Ladi na mwalimu ni Cardew, ilhali katika jambo la kuupandisha udongo kwa mkono Cardew ndiye aliyekuwa na la kujifunza.

Karibu zaidi na kwetu yuko Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, na mwaka 1974 alisafiri hadi Abuja, ambako alijifunza kwa wafinyanzi wa pale, Ladi Kwali akiwa miongoni mwao. Vyungu vyake, vilivyopandishwa kwa mkono na kusuguliwa hadi vikang'aa, vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 alitunukiwa na Uingereza cheo cha Dame. Magazeti yetu humwandika kwa fahari kuwa ni binti yetu, na wana haki. Lakini njia ya sifa yake ilipita kwa wafinyanzi wa kijijini, nao ndio ambao magazeti hayo hayo huwaandika bila majina. Tunamsifu aliyevuna na kumsahau aliyehifadhi mbegu.

Sasa tuyatazame matamasha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, ambalo lilianza Kigali mwaka 2013, likaendelea Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017, Dar es Salaam mwaka 2019 na Bujumbura mwaka 2022. Mbali na hilo yako maonyesho ya mikoa na wilaya, ya kilimo na ya biashara, ambamo sanaa za mikono hupewa banda. Hatuna ugomvi na matamasha. Huwakutanisha mafundi wa nchi mbalimbali, na mfinyanzi akiuza vyungu vyake kwa bei nzuri kuliko ya gulioni, hiyo ni faida ambayo hakuna mhakiki anayepaswa kuibeza.

Hata hivyo twamwomba msomaji atafakari yanayoonekana katika banda la mfinyanzi. Udongo umeletwa katika gunia, kwa hiyo bonde halionekani. Kuni na majani haviwashwi katikati ya mahema, kwa hiyo moto hauonekani. Tamasha hudumu siku chache, kwa hiyo chungu kinachofinyangwa siku ya ufunguzi huenda kikawa bado kibichi siku ya kufunga. Kinachobaki ni mikono na udongo laini, jambo la kupendeza kulitazama kwa dakika kumi. Mwandishi huyaona hayo na kuandika kwamba ufinyanzi ni sanaa ya mikono. Angaliona bonde angaliandika kwamba ni kazi ya ardhi. Angaliona moto angaliandika kwamba ni kazi ya kuni, ya upepo na ya hasara.

Na hapa twafika kwenye jambo zito kuliko yote, yaani udongo unatoka wapi. Makala tuliyonayo karibu yote yanalaumu sufuria na plastiki. Lawama hiyo ina ukweli: dumu la plastiki ni jepesi, halivunjiki, na huuzwa kila duka, ingawa maji yake hayawi baridi kama ya mtungi, ambao hupoza maji kwa sababu yanapenya kidogo kidogo hadi nje na kukauka kwa hewa. Lakini mfinyanzi akikosa mnunuzi bado ana ufundi wake. Akikosa udongo hana kitu. Udongo wa kufinyangia haupatikani kila mahali; hupatikana aghalabu katika mabonde yenye maji, na mabonde hayo ndiyo yanayotakiwa kwa mpunga, kwa mboga na kwa matofali. Nchini Rwanda sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliyaweka mabonde ya namna hiyo katika milki ya dola, na mengi yamelimwa kwa mpango wa vyama vya ushirika. Kilimo hicho kinalisha watu, wala hatusemi kisiwepo. Twasema tu kwamba mtu aliyekuwa akichimba udongo hapo bila hati wala kibali, kama walivyochimba wazee wake, sasa hana budi kuomba au kununua kitu ambacho zamani alikichukua bure.

Kwa Batwa jambo hili ni la maisha. Misitu waliyokuwa wakiishi ilipungua, mingine ikawa hifadhi, nao wengi wakategemea ufinyanzi. Katika Rwanda ya baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 serikali iliamua kwamba watu wasitambulishwe kwa makabila. Chama cha Batwa, kilichoanzishwa mwaka 1995 kwa jina lililowataja kuwa wenyeji asilia, kilibadili jina mwaka 2007 kikawa Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Burundi ilipita njia nyingine: Katiba ya mwaka 2005 iliwataja Batwa kwa jina lao na kuwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Si kazi ya makala haya kupima ni njia ipi iliyo bora. Tunachotaka mwalimu akione ni maana ya neno. Katika nchi moja ya kanda yetu neno mfinyanzi limekuwa zaidi ya jina la kazi; ni jina ambalo watu wamejitambulisha nalo. Makala yanapoandika juu ya wafinyanzi kana kwamba ni pambo la tamasha, na yasiulize kama bado wanapata udongo, yanawanyima watu hao lile ambalo jina lao lenyewe linalidai.

Twaweza kulinganisha na maandishi ya aina nyingine. Wataalamu wa mambo ya kale wameandika mengi juu ya vyungu vya kanda hii. Wamevipa vile vya zamani sana jina la Urewe, kwa kufuata mahali palipo magharibi ya Kenya, na magae ya aina hiyo yamepatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi, Buhaya na mashariki ya Kongo, mengine yakiwa ya karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Kwa gae moja lisilozidi kiganja wataalamu hao hupima unene wa mdomo, huchora mistari iliyochanjwa, huchunguza aina ya mchanga uliochanganywa, na hueleza kama pambo limefanywa kwa kijiti au kwa kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi. Sanamu ya kichwa ya udongo iliyofukuliwa Luzira karibu na Kampala mwaka 1929 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na wataalamu hawajachoka kuijadili.

Huu ndio uangalifu tunaoutaka. Gae lililozikwa limepata msomaji mvumilivu kuliko mfinyanzi aliye hai, ambaye angeweza kuulizwa akajibu. Aliyefinyanga vyungu vya Urewe hatutalijua jina lake kamwe, na hakuna wa kulaumiwa. Anayefinyanga leo tukilikosa jina lake, tumelikosa kwa uvivu.

Ndugu walimu, mpaka hapa tumeyasema magazeti. Sasa tujiseme wenyewe, kwa kuwa lugha ni kazi yetu. Makala tunayoyazungumzia yana umaskini wa msamiati ambao hatukuuona haraka, kwa sababu na sisi tunao. Kila chombo ndani yake ni chungu. Kiswahili kina mtungi wa maji, nyungu ya kujifukizia, chetezo cha ubani, kikaango, na waya wa kuokea mikate, ambao mwanafunzi wa leo hudhani ni ule wa umeme tu. Lugha zetu za bara nazo zina majina yake: Mnyarwanda na Mrundi hawachanganyi inkono ya kupikia na ikibindi cha maji au pombe. Mfinyanzi akimwambia mwandishi majina sita, mwandishi huyafanya yote chungu, na msomaji hufunga gazeti akiwa na neno moja alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu anaweza kulifundisha kwa urahisi kuliko mwalimu wa pwani. Kufinyanga kwa Kiganda, kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi ni kubumba. Neno hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili kuumba, ambalo kwa pwani limepanda cheo likawa hasa kazi ya Mwenyezi Mungu, naye huitwa Muumba. Mtoto wa mfinyanzi akionyeshwa kwamba kazi ya mama yake na jina la Muumba vimetoka katika shina moja, atakuwa na la kuwajibu wanaomcheka. Somo hilo halihitaji kitabu kipya, linahitaji ubao na chaki.

Haki hutaka tuseme pia yaliyo mema. Makala haya, pamoja na upungufu wake, ndiyo maandishi pekee ya Kiswahili ambayo wanafunzi wetu wengi wameyasoma juu ya kazi ya mikono. Picha zake zimehifadhi maumbo ya vyungu ambavyo havifinyangwi tena. Mwandishi wa gazeti hupewa siku moja, nauli ya kwenda na kurudi, na nafasi ya maneno machache; mhariri wake anataka picha ya mgeni rasmi. Tunayajua mazingira hayo, nasi hatumhukumu kana kwamba alikuwa na mwaka mzima. Tunadai mambo manne tu ambayo hata siku moja inayatosha: jina la mfinyanzi, kwa ridhaa yake; mahali udongo unapochimbwa na nani ana mamlaka juu ya mahali hapo; bei ya chungu na idadi ya vinavyovunjika; na majina ya vyombo kama mfinyanzi mwenyewe anavyoyatamka. La tano lingekuwa kurudi siku nyingine, lakini hilo twamwachia mhariri.

Kwa upande wetu walimu tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuyafanya makala ya gazeti kuwa kifungu cha ufahamu, tumpelekee mtu anayeijua kazi hiyo ayasikilize. Ikiwa shule iko karibu na wafinyanzi, wanafunzi wenyewe wanaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mfinyanzi na kuandika masahihisho yake. Hilo ni zoezi la kusoma, la kusikiliza na la kuandika kwa pamoja, na mgeni wa darasa ni mtu ambaye jirani zake hawajawahi kumwona akiitwa mwalimu. La pili linahusu kusahihisha. Kanuni ya kujibu kwa mujibu wa kifungu ni kanuni nzuri, na bila hiyo mtihani hauna mwisho. Lakini kifungu kikiwa na kosa, na mwanafunzi akalijua, karatasi yetu ya majibu isiwe na nguvu kuliko ukweli. Methali yetu nyingine ya ufinyanzi husema, udongo uwahi ungali maji. Tumezoea kuitumia juu ya watoto, kwamba wafunzwe mapema. Inamhusu na mwalimu.

Yule msichana alimaliza masomo yake akaondoka. Zile alama mbili hatukumrudishia, kwa sababu tulipokwenda kwao matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Siku ile mama yake alitupa kiti, akaendelea na kazi, na alipomaliza kuupanga moto alituuliza kwa upole kama ni sisi tuliofundisha kwamba vyungu hukaushwa juani. Tulijibu kwamba tumesoma hivyo katika gazeti. Akauliza aliyeandika ni nani, na alijifunza kwa nani.

Hatukuweza kumjibu. Jina la mwandishi lilikuwapo juu ya makala, lakini jina la aliyemfundisha halikuwapo, na wala sisi hatukuwahi kufikiri kulitafuta. Walimu wenzetu walio na majalada kama letu wangefanya vema kuyafungua, wakatazame ni majina mangapi yaliyomo chini ya picha, kisha watuletee walichokiona ili tukichapishe katika kurasa hizi.